Kioo kitupu si mashini mbovu

Binti yako akiandika hesabu katika mashini ya kuchora na kioo kikabaki kitupu, usikimbilie kusema imeharibika. Wala yeye asiseme hesabu ni za wavulana.

Tuseme mama anauza mikate. Kila siku analipa faranga 6000 za meza na usafiri, na kila mkate unamwachia faranga 200. Mtoto anaandika: y = 200x − 6000. Haoni kitu. Kwa nini? Mashini nyingi huanza kwa kuonyesha namba kutoka −10 hadi 10 tu, kama mtu anayetazama soko kupitia tundu la mlango. Apanue dirisha: x kutoka 0 hadi 60, y kutoka −6000 hadi 6000. Sasa mstari unaonekana ukipanda, na unakata sifuri kwenye 30. Maana yake, mkate wa 31 ndio wa kwanza kuleta faida nyumbani.

Mashini ya kwanza ya namna hii, Casio fx-7000G, ilitoka mwaka 1985. Mpaka leo ni za bei kali. Lakini programu ya GeoGebra ni ya bure kwenye simu, na wamama watatu wanaweza kukusanya watoto wao kwa simu moja. Kwanza mtoto achore kwa kalamu, kisha alinganishe, sababu simu haitamfuata kwenye mtihani.

Jioni ya leo, mpe namba za kweli za biashara yako. Akuonyeshe mstari unakata wapi.