Intaneti ikikatwa mpakani, simu zaweza kupokezana ujumbe

Februari 18, 2016, Waganda walipokuwa wakipiga kura, mitandao ya kijamii na huduma za kutuma pesa kwa simu zilifungwa. Uchaguzi wa Januari 2021 ulipofika, intaneti nzima ilikatwa kwa takribani siku tano. Kwa mwenye lori la mahindi kwenye foleni ya Busia au Malaba, siku tano ni nyingi mno: WhatsApp ya mnunuzi iko kimya na picha ya hati za mzigo haiendi.

Hata hivyo, simu zilizo mikononi mwa watu kwenye foleni hiyo zina redio za Bluetooth na Wi-Fi, ambazo hazihitaji mnara wala intaneti. Redio ya Bluetooth kwa kawaida hufika makumi ya mita tu, lakini simu ya kwanza ikiikabidhi ya pili, na ya pili ikiikabidhi ya tatu, ujumbe huvuka soko zima.

Ugumu uko kwenye kuijua njia. Sokoni hakuna anayetulia. Bodaboda aliyekuwa hapa sasa hivi keshafika ng'ambo. Mwaka 1999, wataalamu wa Marekani Charles Perkins na Elizabeth Royer walieleza mbinu inayoitwa AODV. Simu haihifadhi ramani ya mtandao mzima. Ikihitaji kumfikia mtu, huwauliza majirani: nani anaijua njia ya kwa fulani? Nao huwauliza majirani zao, hadi jibu lipatikane na kurudi kwa njia ileile. Kila simu hukumbuka jirani wa kumkabidhi tu, basi.

Kila habari ya njia pia hubeba namba inayoonyesha upya wake. Mfanyabiashara anaielewa hii haraka: bei ya nyanya ya jana si bei, na njia ya zamani huupeleka ujumbe kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Jirani akipotea, aliyeachwa hutoa taarifa nyuma na njia mpya hutafutwa.

Programu zilizowafikia watu wa kawaida ni za mkato zaidi. Bridgefy, iliyobuniwa Mexico na kutumiwa na waandamanaji wa Hong Kong mwaka 2019, humrushia ujumbe kila jirani, naye huurusha tena. Inafanya kazi pale penye watu wengi. Barabara ikiwa tupu kilomita moja, ujumbe hukwama hapo.

Kuna la kuogopesha zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kuwa ujumbe wa Bridgefy ungeweza kusomwa na wengine, na mtu angeweza kujifanya mwingine. Kampuni ilibadilisha mfumo wake wa usiri baadaye mwaka huohuo, lakini namba ya siri ya pesa haifai kupita mikononi mwa simu za wapita njia.

Pesa zenyewe hazisafiri hivi. Salio liko kwenye kompyuta za kampuni ya simu, si ndani ya simu. Ujumbe unaopokezanwa unaweza kumwambia mnunuzi kuwa lori limevuka. Malipo yatangoja huduma irudi. Na programu hizo hupakuliwa kwa intaneti, kabla haijakatwa.