Mwalimu Anayejifunza Jikoni Kwangu

Vijana wa Peace Corps walipokuwa wakifika kwetu Muheza, majirani walisema walimu wa Kiingereza wamekuja. Mimi niliyewapokea nyumbani niliwaona kwanza kama wanafunzi. Shirika hilo la Marekani lilianzishwa mwaka 1961, na mwaka huohuo watu wake wa kujitolea wakafika Tanganyika. Kabla ya kwenda kufundisha kwa miaka 2, mwalimu hupitia mafunzo ya karibu miezi 3 akiishi na familia.

Asubuhi ni darasa la Kiswahili, kisha mazoezi ya kufundisha. Na kazi yenyewe si nyepesi. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu akizungumza haraka kama yuko kwao, darasa zima linanyamaza.

Hapo ndipo nyumba inaposaidia. Binti tuliyempokea mwisho aliandaa masomo yake jikoni, huku tukichambua kisamvu. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa mkaguzi: "Dada, hapo hatutakuelewa." Basi anapunguza kasi, anainua sufuria, anaitaja, anamwambia arudie. Kesho yake alibeba mwiko, kawa na mbuzi ya nazi hadi darasani. Nilifurahi mno. Kitabu kimoja wanafunzi wanakigombania, lakini mwiko kila mtoto anaujua.

Jioni ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, kisha ananihesabia walionyoosha mikono.