Hakuna Picha ya Sayari Hiyo

Kila nikimaliza kuzungumza kuhusu nyota ya 51 Pegasi, swali ni lilelile: "Picha halisi ya sayari yake iko wapi?" Nikijibu kwamba haipo, muulizaji hutoa simu na kunionyesha sayari nyekundu yenye mikanda ya mawingu, nyota ikiwaka nyuma yake. Hapo huamini mojawapo kati ya mawili: nafichaficha jambo, au sayari yenyewe ni ya kubuni.

Picha hiyo imechorwa. Zote zimechorwa. Hakuna darubini, ya angani wala ya ardhini, iliyowahi kupiga picha ya uso wa sayari ile. Wala hakuna siri hapa, ni hesabu tu. 51 Pegasi, nyota inayofanana sana na Jua letu, iko umbali wa miaka-nuru 50 hivi. Sayari yake kubwa ya gesi inaizunguka kwa siku 4.2, ikiwa umbali wa kilomita zipatazo milioni 8 tu. Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Kuitenganisha sayari hiyo na nyota yake kwa jicho la darubini ni sawa na kusimama Dar es Salaam na kujaribu kutofautisha taa mbili zilizoko Mwanza, zimeachana chini ya sentimita moja na nusu, na mwanga wa moja umeifunika nyingine kabisa. Hubble haiwezi. James Webb haiwezi.

Linaloniudhi zaidi ni linalofuata: "Kama hamjaiona, basi mnabahatisha." Hatubahatishi! Nyota na sayari huzunguka kitovu kimoja cha uzito, kwa hiyo nyota nayo huyumba. Ikija upande wetu, mwanga wake husogea kidogo kuelekea bluu. Ikirudi nyuma, huelekea nyekundu. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia kifaa kilichoitwa ELODIE katika kituo cha Haute-Provence, Ufaransa, walipima kuyumba huko: mita zipatazo 56 kwa sekunde, mzunguko ukijirudia kila siku 4.2. Wataalamu wa Marekani walipima upya kwa darubini yao, na katika wiki chache wakapata jibu hilohilo. Kipimo hicho ndicho kilichotuambia kwamba sayari ile ina uzito usiopungua karibu nusu ya Mshtarii. Mchoro wa kwenye simu hauwezi kukwambia hilo. Mayor na Queloz walipata Nobel mwaka 2019.

Mwaka huohuo Tanzania iliipa nyota WASP-71 jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Hiyo iligunduliwa kwa njia nyingine: ikipita mbele ya nyota, mwanga hupungua kidogo. Nayo haina picha, na jina halikuijaza madini.

Unataka picha ya kweli? Tafuta ya mwaka 2020 ya darubini ya VLT, Chile: sayari mbili za gesi, changa na zenye joto, zilizo mbali sana na nyota yao TYC 8998-760-1, ambayo ni ya aina ya Jua. Utaona nukta mbili, basi. Unataka kuiona 51 Pegasi? Oktoba, kati ya saa 3 na saa 4 usiku, nenda mbali na taa za mji, tazama juu upande wa kaskazini, utafute mraba mkubwa wa Pegasi. Nyota hiyo iko nje kidogo ya ubavu wa magharibi, karibu na katikati. Darubini ya mkononi itakusaidia. Unataka sayari ya gesi? Darubini hiyohiyo itakuonyesha Mshtarii na miezi yake minne mikubwa.

Na ukiisambaza ile sayari nyekundu, tafadhali andika chini yake: mchoro wa msanii.