Vijana wa Bujumbura na Mtihani wa Data za Wingu

Miongoni mwa vijana wa Bujumbura waliohitimu masomo ya kompyuta, wapo wasiotosheka na shahada ya chuo peke yake. Wanatafuta pia cheti cha kimataifa kinachothibitisha kwamba mwenye nacho anaweza kukusanya, kuhifadhi na kuchambua data katika kompyuta za wingu. Nia hiyo ni njema. Lakini njia yake ina gharama, na asiyejiandaa huweza kupoteza fedha ambazo jamaa nzima imejinyima ili zipatikane. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kinachoitwa wingu hakiko angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta, ambayo wenyewe hukodisha nguvu na nafasi yake kwa njia ya intaneti, na mwenye kukodi hulipa kwa kadiri anavyotumia. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha huduma hizo mwaka 2006, na mwezi Aprili 2020 ikafungua huko Cape Town kundi lake la kwanza la majumba hayo barani Afrika.

Manufaa ya kazi hii si ya nchi za mbali tu. Sensa ya Burundi ya mwaka 2008 ilihesabu watu 8,053,574. Ile ya mwaka 2024, ambayo makarani wake walitumia vishikwambi badala ya karatasi, ilionyesha kwamba tumezidi milioni 12. Tarakimu nyingi namna hiyo hazisemi lolote mpaka apatikane mtu wa kuzisafisha, kuzipanga na kuziuliza maswali: shule ijengwe wapi, dawa zipelekwe wapi? Mtu huyo ndiye anayehitajiwa.

Onyo la kwanza kwa mtahiniwa ni kuhakikisha kwamba anasomea mtihani uliopo. Mtihani wa Amazon uliojulikana kwa jina la AWS Certified Data Analytics – Specialty uliondolewa Aprili 2024. Ulio karibu nao ni AWS Certified Data Engineer – Associate, ulioanza mwaka huo huo. Vitabu vya mtihani wa zamani bado vinapita mikononi mwa watu, na anayevitegemea hivyo peke yake ni kama msafiri anayengojea basi katika kituo kilichokwisha kuhamishwa.

Mtihani huu mpya una maswali 65 ya kujibiwa kwa dakika 130. Kati ya hayo, 15 ni ya majaribio tu na hayahesabiwi, wala mtahiniwa haambiwi ni yapi. Ili kufaulu, sharti apate alama 720 katika 1,000. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Kwa hiyo si busara kuacha swali lolote wazi. Kuingiza data na kuzigeuza umbo huchukua asilimia 34 ya alama, kuzihifadhi asilimia 26, kuendesha na kutunza mitambo yake asilimia 22, na usalama asilimia 18.

Maandalizi na yaanze na misingi. Lugha ya SQL, iliyobuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo mlango wa kuingilia. Asiyeweza kuitumia barabara asikimbilie kukariri majina ya huduma. Baada ya hapo ajifunze kwa vitendo: aweke faili katika S3, aisafishe kwa Glue, kisha aiulize maswali kwa Athena.

Tuchukue mfano wa daftari la mfanyabiashara wa Buyenzi, lenye jina la mteja, bidhaa, bei na tarehe. Akitaka kujua jumla ya mauzo, hana haja ya kusoma majina. Faili iliyopangwa kwa safu wima, kama zile za Parquet, humwezesha kusoma safu ya bei peke yake. Athena hutoza kwa wingi wa data iliyosomwa. Basi mpangilio huo hupunguza malipo. Mtihani hupenda maswali ya namna hiyo. Majibu mawili yaweza kuwa yote yanafanya kazi, lakini moja ndilo lenye gharama ndogo.

Mazoezi nayo yana hatari yake. Mtambo wa Redshift ulioachwa wazi usiku kucha waweza kuendelea kutozwa hata kama hakuna anayeutumia. Kila mwanafunzi aweke tahadhari ya matumizi tangu siku ya kwanza, na afute alichokiwasha kabla ya kulala.

Ada ya mtihani ni dola 150. Pato la wastani la Mrundi kwa mwaka 2023 halikufikia dola 300, na fedha za kigeni ni adimu. Anayeshindwa hungoja siku 14, kisha hulipa tena ada yote. Kwa sababu hiyo, asijiandikishe mtu kwa pupa. Ajipime kwanza kwa maswali ya mazoezi, tena kwa saa mkononi, mpaka afaulu mara kwa mara.

Lugha isiwe kikwazo. Kijana aliyesoma kwa Kirundi na Kifaransa, akifanya mtihani kwa Kiingereza, anaruhusiwa kuomba dakika 30 za nyongeza. Ila sharti aombe kabla ya kupanga siku ya mtihani. Anayefanyia nyumbani husimamiwa kwa kamera, naye hukaa peke yake chumbani. Umeme au intaneti ikikatika, mtihani huweza kuvurugika. Atafute basi mahali penye umeme wa akiba na mtandao aliokwisha kuujaribu.

Mwisho, ikumbukwe kwamba cheti hiki hudumu miaka mitatu tu, na pekee hakimpi mtu ajira. Mwajiri atauliza: umefanya nini? Vijana watano wakikutana kila Jumamosi, wakachambua pamoja bei za soko au mvua za msimu, watakuwa na kazi ya kuonyesha hata kabla ya kulipa ada. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na aliyeinama mapema hatashangazwa na swali la siku ya mtihani.