Hewa ya Moto, Hewa ya Baridi, na Hatari ya Mazuku

Ndugu wakulima na wachungaji, tazameni moshi wa jiko. Hupanda mpaka darini. Sababu yake ni nini? Hewa ikipata moto hutanuka. Ikitanuka huwa nyepesi, nayo hupanda juu. Hewa ya baridi ni nzito. Hushuka na kushika mahali palipoachwa. Mwendo huo wa kupanda na kushuka ndio unaochukua joto la nchi mpaka mawinguni. Ukiufahamu, utafahamu pia jambo moja linaloua mbuzi na watoto katika pande zetu za Goma.

MCHANA. Jua hupasha ardhi kwanza, kisha ardhi hupasha hewa iliyo juu yake. Mawe yetu meusi ya volkano hushika moto upesi, lakini maji ya ziwa Kivu hupata moto polepole. Basi hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya baridi hutoka ziwani kushika mahali pake. Ndio upepo wa mchana. Hewa inayopanda hupoa, na kwa kawaida joto la mahali hupungua digrii kama 6 kwa kila meta 1,000 ukipanda juu. Ndiyo maana kilele cha Nyiragongo, karibu meta 3,470, kina baridi kuliko Goma, iliyo karibu meta 1,500. Mvuke ukipoa huko juu hugeuka mawingu, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri.

USIKU. Sasa ardhi hupoa upesi, na ziwa hukawia kupoa. Hewa iliyogusa ardhi huwa nzito, hutelemka milimani kama maji, ikajaa mabondeni. Hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, haipandi tena. Hulala kimya.

MAZUKU. Kati ya Goma na Sake, gazi ya kaboniki hutoka katika nyufa za ardhi ya volkano. Haina rangi wala harufu, na uzito wake ni mara moja na nusu wa hewa. Mchana, upepo na hewa inayopanda huichanganya na kuitawanya. Usiku, hewa ikilala, gazi hujaa katika mashimo kama maji katika bakuli. Hapo ndipo mazuku huua. Mbuzi huanguka kabla ya mtu mzima, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi, mtoto vilevile. Wengine husema ni pepo mbaya. Sivyo: ni uzito tu. Wale waliofanya kazi katika machimbo wajua hewa mbaya ya chini ya shimo. Hii ni ndugu yake. Huko Kamerun, usiku wa mwezi wa Agosti 1986, gazi hiyohiyo ilitoka katika ziwa Nyos, ikatelemka mabondeni, ikaua watu kama 1,700 pamoja na ng'ombe wao.

Basi shikeni maneno haya:

1. Msipeleke mbuzi wala watoto katika mabonde na mashimo usiku au alfajiri. Ngojeni jua lipande na upepo uvume. Siku ya mawingu bila upepo, hatari hubaki hata mchana.

2. Mkiona panya, ndege au nyoka waliokufa shimoni, pitieni mbali, mkawaonye majirani.

3. Msijenge nyumba wala msilale mahali pa shimo. Jengeni juu, pepo zipitapo.

4. Msitegemee taa. Ikizimika, kimbieni, lakini ikiwaka bado, si alama ya usalama.

5. Mtu akianguka shimoni, usishuke kumtafuta. Wengi wamekufa kwa kumfuata ndugu yao. Ita watu, mvuteni toka juu kwa kamba au mti mrefu wenye ndoano.

Mbuzi aliyepotea usiku atafutwe asubuhi, jua likiwa juu. Mbuzi hupatikana mwingine. Mtoto hapatikani mwingine.