Boda ya Umeme: Chaji na Salio Visikuishie Pamoja

Ni jioni, uko Outering Road na mteja nyuma. Betri inasoma asilimia 8, na kwa simu hakuna pesa ya kubadilisha betri. Hapo nauli imeenda.

Hebu tufanye hesabu. Betri moja ya Roam Air, pikipiki inayoundwa hapa Nairobi, inakadiriwa kwenda kilomita 75. Kayole hadi tao, kwenda na kurudi, ni kama kilomita 30. Kwa karatasi unapata raundi mbili na zaidi. Lakini abiria, mzigo na mwendo wa kasi hula chaji. Ukimaliza raundi ya kwanza, angalia: ikiwa imebaki chini ya nusu, usianze ya pili kabla ya kubadilisha au kuchaji.

Tunakushauri:

- Tenga pesa ya betri asubuhi, kabla ya chai. Ukichajia nyumbani, nunua tokeni mapema.
- Ukilipa kituoni, soma jina la biashara kabla ya kuweka PIN.
- Kila Jumapili, jumlisha malipo ya betri kwenye taarifa yako, ugawanye kwa kilomita ulizoenda.

Hapo utajua kama nauli unayoitisha inakulipa.