MAFUTA YA KARAFUU: JUA FAIDA NA HATARI ZAKE

Si ajabu kukuta kichupa cha mafuta ya karafuu katika nyumba zetu hapa Shimanzi au kule Mji wa Kale. Jino likiuma usiku, ndiyo dawa ya kwanza. Je, twajua kuyatumia?

Karafuu, kumbe, ni ua ambalo halijachanua. Huchumwa bado changa, likaanikwa juani mpaka likauke. Kwa wenzetu wa Pemba hata makonyo hayatupwi. Hupelekwa kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, yakatolewa mafuta kwa mvuke.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Hutia ganzi na kuua baadhi ya vijidudu. Madaktari wa meno nao huichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Lakini ganzi si tiba. Maumivu yakitulia, tundu bado lipo na jino linaendelea kuoza.

Mtu mzima afanye hivi:

1. Tia matone 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Mafuta ya karafuu matupu huunguza ufizi.
2. Chovya pamba kidogo, gusa jino linalouma tu.
3. Tema mate, usimeze.
4. Kukicha, nenda kliniki ya meno. Shavu likivimba au homa ikipanda, usingoje.

Akina mama, tafadhalini, msimpake mtoto anayeota meno. Kijiko kimoja au viwili vya chai vikimezwa vyaweza kumpotezea mtoto mdogo fahamu na kumharibu ini. Kichupa kikae juu, mbali na mikono yake. Akinywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali, na kichupa mkichukue.

Je, unaponunua sokoni? Mafuta safi ya karafuu ni mazito kuliko maji. Dondosha matone machache katika gilasi ya maji: yakizama, ni dalili njema. Yakielea yote, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Hata hivyo kuzama peke yake hakuthibitishi usafi, basi nunua kwa mtu unayemwamini.

Kichupa hiki kitakusaidia upate usingizi usiku mmoja. Wiki ikipita ungali unakitumia, jino hilo linahitaji daktari.